Kwa nini Fielder yangu, wala si gari la jirani?

Mkaazi wa Tudor
Assalaam aleikum. Gari langu ni Toyota Fielder, nalo hulala nje ya lango pamoja na mengine manne. Ndani ya miezi saba nimeibiwa vioo vya pembeni mara mbili, ilhali Mercedes ya jirani, ambayo bei yake ingenunua Fielder tatu, haijaguswa hata kifuniko cha gurudumu. Je, wezi huchagua gari kwa kigezo gani?

Fundi wa Changamwe
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwizi wa vipuri hatazami thamani ya gari, hutazama mnunuzi. Fielder zimejaa barabarani, na Toyota Axio ya toleo hilohilo hushirikiana nazo sehemu nyingi, hivyo kinachong'olewa Tudor usiku huweza kupata mteja kabla ya adhuhuri. Kioo cha Mercedes atampelekea nani? Isitoshe, magari yetu mengi hushuka hapa Mombasa, bandari ya Kilindini, yakiwa yametumika Japani, na kwa kuwa hairuhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, sote hujikuta tunanunua matoleo yaleyale kwa wakati mmoja. Kachore namba ya usajili kwenye vioo. Kioo kilichochorwa hakiuziki kwa urahisi.

Bi. Nyali
Naafikiana na fundi kuhusu vipuri, ila gari zima linapoibiwa, wepesi wa kuliwasha nao una uzito wake. Huko Marekani, Kia na Hyundai nyingi za miaka ya 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa ufunguo wa kawaida ziliuzwa bila imobilaiza, yaani kile kifaa kinachozuia injini isiwake iwapo ufunguo hautambuliki. Video za kufundisha wizi huo zilipoenea mwaka 2022, vijana waliziiba kwa wingi, wengine kwa ajili ya kujiburudisha tu, wala si kuuza. Nchini Kanada, ambako kifaa hicho ni lazima kwa magari mapya tangu 2007, aina hizohizo hazikukumbwa na balaa hilo.

Fundi wa Changamwe
Hilo ni kweli, dada, lakini anayekuja na bisibisi kung'oa kioo hana haja na injini.

Mkaazi wa Tudor
Nawashukuru nyote. Leo nimekwenda kuchorewa namba, na mchoraji alipokuwa akikifuta kioo cha kushoto, ambacho nilikinunua dukani baada ya wizi wa pili, niliona chini ya ukingo wake mkwaruzo wenye chembe za rangi ya kijani. Lango letu ni la kijani, na mkwaruzo huo niliutia mimi mwenyewe mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa nikirudi nyuma kwa haraka ili niwahi kufuturu.