Nina cheti cha usekretari, nataka kazi ya kliniki Kisumu. Nianzie wapi?

Nyar_Kondele: Habari zenu wadau. Nina cheti cha usekretari cha KNEC, lile baraza la mitihani, na sasa niko saiba hapa Kondele napigia watu chapa barua. Kazi ninayoitamani ni ya usekretari wa daktari: miadi, barua za rufaa, mafaili. Nyumbani wanasisitiza nisome kwanza kumbukumbu za afya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, na karo yenyewe ni ya kuchangiwa. Ni lazima kweli?

Karani_Nakuru: Dada, hizo ni kazi mbili. Afisa wa kumbukumbu za afya husajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na bila masomo yale huipati. Usekretari ni njia nyingine. Bisha hodi kliniki ndogo na cheti ulicho nacho. KMTC utaiwaza ukishapata mshahara.

MamaAkinyi: Mimi nimekaa mapokezi miaka mingi. Kuchapa ndiyo sehemu rahisi, ugumu uko kwenye majina. Huku kwetu unaweza kuwa na Akinyi Otieno wawili foleni moja, asubuhi moja. Usiwahi kutoa faili kwa jina peke yake. Mwambie mgonjwa akutajie mwenyewe tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, wewe ulinganishe. Ukimsomea wewe, ataitikia tu, maana anaumwa na anachotaka ni kumwona daktari. Na tafadhali, ugonjwa wa mtu usitajwe kaunta, jirani yake anaweza kuwa nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Omwana_Kakamega: Cheti sawa, lakini mimi ningeanza na SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024, kliniki inahitaji mtu anayejua kuangalia kama mgonjwa amesajiliwa na kutuma madai ya malipo yasirudishwe. Jifunze hilo kwanza.

Nyar_Kondele: Asanteni sana, nimepumua. MamaAkinyi, nikienda kliniki za Milimani nijitolee bure kwanza?

MamaAkinyi: Omba kushikilia nafasi ya mtu aliye likizo ya uzazi, hiyo inalipwa. Wakitaka ujitolee, usizidishe mwezi, na mwandikiane. Barua ipeleke mwenyewe saa nane mchana. Asubuhi foleni imejaa, hakuna atakayekusikiliza.