Mzinga wa nyuki wa gogo, topu baa au wa fremu? Naanza na michache tu, shamba liko Uyui, Tabora

Mtu_wa_Isevya
Mwangaluka wakuu. Naombeni ushauri kabla sijampa fundi hela. Nina kashamba kangu upande wa Ilolangulu, nyuma kuna miombo imebaki, nataka niweke mizinga kama minne, sio biashara kubwa, ni asali ya nyumbani na ndugu, ikizidi niuze. Kazi yangu iko mjini kwa hiyo shamba naenda wikiendi, tena sio zote. Mzee jirani pale anasema gogo (shina lililochongwa tundu ndani), fundi seremala anang'ang'ania topu baa (sanduku lenye viunzi, yaani vijiti vya mbao vilivyopangwa juu, nyuki wananing'iniza masega), kuna kijana ananiambia zama hizi ni fremu tu, yale masanduku ambayo kila sega liko ndani ya fremu ya mbao. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuweka mmoja hapa nyumbani Isevya, Tabora mjini?

Nyegere_Mstaafu
Nianze na la nyumbani: achana nalo kabisa. Nyuki wetu hawa ni wakali, wakichokozwa wanafuata mtu mbali na hawachagui, watauma mtoto wa jirani, mbuzi aliyefungwa, kuku, kila kitu. Weka mbali na nyumba, njia na mifugo, ukiweza mita mia mbili na kuendelea.

Sasa mizinga. Mi ningekwambia topu baa na sababu yangu ni moja, wewe uko peke yako na unaenda wikiendi. Unatundika kwa waya kati ya miti miwili usawa wa kiuno au kifua, jioni unafunua kiunzi kimoja kimoja, unaona hili sega ni la asali, hili lina majana (watoto wa nyuki), la majana unarudisha, la asali unakata unaweka ndoo yenye mfuniko. Hupandi mti wala humwagi kundi lote nje. Kwenye gogo unaingiza mkono kwa kubahatisha na mara nyingi asali inatoka imechanganyika na majana.

Ila fundi umsimamie. Upana wa kiunzi ni milimita 32, ukizidi sana 33. Mafundi wengi wanakata kwa macho, wengine wanaweka inchi moja na nusu kwa sababu ndo mbao iliyokuwepo, nyuki wakiingia wanajenga masega yanakatiza viunzi vitatu vinne kwa pamoja, ukiinua kimoja unavunja vyote. Hapo huna tena topu baa, una gogo la mbao. Katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, weka mstari mwembamba wa nta, wataufuata huo.

Mjukuu_wa_Sikonge
Mzee Nyegere nakuheshimu lakini gogo mnalionea sana. Babu zetu walijaza ndoo kwa hayo hayo magogo. Ukitundika juu ya mti mrefu porini miombo inapoanza kuchanua kabla ya mvua, nyuki wanaingia wenyewe, wakati masanduku yenu yanakaa miezi yana buibui tu. Mbao inapata joto, gogo ni nene, linakaa na ubaridi. Na kwa mtu asiye na muda gogo halidai kukaguliwa kila saa.

Mtu_wa_Isevya
Mkuu hata yale ya magome? Mzee wangu wa shambani anayo mengi.

Mjukuu_wa_Sikonge
La gome hapana, hilo sitetei. Ukivua mti wa mtundu gome kuzunguka shina lote mti unakufa, na ndo huo huo mtundu ulikuwa unawapa nyuki maua. Gogo chonga kwenye mti ulioanguka wenyewe.

Dada_Nta_Kasulu
Naongea kutoka Kasulu, natumia fremu. Kaka, huyo kijana hajadanganya ila kakwambia nusu. Utamu wa fremu ni kukamua asali kwa mashine ukarudisha sega zima mzingani, nyuki hawaanzi kujenga upya, na kutengeneza nta kunawala asali nyingi sana. Ukiweka na wavu wa kumzuia malkia, sanduku la juu linakuwa asali tupu. Sasa bila mashine utakata masega kisu kama mwenye topu baa, halafu umelipia fremu na waya bure. Sisi ni kikundi tunachangia mashine moja. Kwa minne ya mtu mmoja sioni hesabu.

Halafu vipimo. Mzinga huu ni wa Langstroth wa Marekani, 1852 ndo alipewa hati yake, na ulifuata nyuki wa Ulaya ambao miili yao ni mikubwa kuliko ya hawa wetu. Ndo maana vya kwao sega hadi sega ni kama milimita 35. Ukinunua uliotengenezwa ovyo, fremu zinagandana kwa gundi ya nyuki hadi unatumia bisibisi.

Na jamani ndizi. Huku kwetu migomba kila kona, mtu anakula ndizi mbivu njiani ndo anaenda kurina. Harufu ya hatari anayotoa nyuki akiuma inafanana na ya ndizi mbivu, unafika tu wameshachachamaa. Ukiumwa ukwangue mwiba kwa kucha upesi, pafukize moshi, ondoka. Mwenye kuvimba uso au kubanwa pumzi huyo ni hospitali sio vitunguu.

bodaboda_wa_ipuli
kwa hiyo mtu akila ndizi asipite kwa jirani mwenye mizinga 😂 nimeelewa kwa nini abiria wangu alikimbizwa

Nyegere_Mstaafu
😂😂 Dada Nta kasema kweli. Mjukuu naye ana hoja kwenye kuingia kwa nyuki, sanduku jipya linanuka rangi na mbao mbichi. Usipake rangi ndani, paka nta iliyoyeyushwa mlangoni na ndani, acha hewani kidogo kabla ya kutundika.

Kuna kitu wengi wanasahau kwenye topu baa, sega halina waya wala fremu, limeshikwa juu tu. Ukiliinua lishike wima, ukitaka kuona upande wa pili zungusha kiunzi, usililaze. Sega jipya jeupe saa sita mchana, na jua la huku, linadondoka lote miguuni na utajua mbio zako.

Fundi_Masega
Mnabishana mzinga wakati watu wanaharibu kwenye kurina. Kata sega lililofunikwa nta angalau robo tatu. Ambalo halijafunikwa bado lina maji mengi, ukichanganya humo ndoo nzima inachacha. Huku msimu mkubwa ni kuanzia mwezi wa tano hivi, ila usifuate kalenda, fuata vifuniko. Tumia bomba la moshi, sio kienge cha majani kinachowaka, asali ikinuka moshi mnunuzi anaionja mara moja. Na kienge ndo kinachoma pori.

Mtu_wa_Isevya
Asanteni sana. Jirani upande mmoja analima tumbaku na anapiga dawa. Hilo mnalisemaje? Na nyegere je, nasikia wapo.

Dada_Nta_Kasulu
Ongea naye kwa upole apige jioni nyuki wakisharudi, na manzuki yako (hapo unapoweka mizinga) iwe upande wa mbali. Kiangazi waweke maji karibu, beseni lenye mawe na majani wasizame.

Nyegere_Mstaafu
Nyegere ndo jina langu kwa hiyo namjua 😂 mzinga unaoning'inia kwa waya unabembea, anapata shida, ukiuweka juu ya kisiki atauangusha usiku mmoja. Siafu nao, paka grisi kwenye waya, kata matawi yote yanayogusa mzinga, na fyeka mkanda wa moto kuzunguka kabla ya mwezi wa sita.

Mtu_wa_Isevya
Basi fundi anakata topu baa tatu, na gogo moja kwa heshima ya mzee. Jumamosi naenda na rula yangu mwenyewe. Nani mjini ana nta safi, hata robo kilo?

Fundi_Masega
Ninayo. Njoo inboksi, ila njoo na chombo.