WATOTO WA CHUMBAGENI 🌴

Jumatano

Zuhura 19:12
Assalaam alaykum wapendwa. Kumbusho la tatu hili. Jumamosi alfajiri Noah inatoka Dar kumfuata Bibi Tanga, Jumatatu ana kliniki. Nimetuma picha 3. Siti ya dereva imepasuka ukingoni, ya abiria mbele imebonyea, na mkanda unamkata Bibi shingoni. Safari iliyopita aliupitisha chini ya kwapa njia nzima. Mchango wa matengenezo elfu 20 kila mtu, mwisho kesho saa 6 mchana.

Zuhura 19:40
Naona tiki za bluu 9. Wenye tiki za bluu hawana mikono?

Salimu 19:43
Sponji linachungulia kama mwali aliyesikia ngoma 😂😂

Mwanjaa 19:44
😂😂 jamani

Zuhura 19:44
Salimu umetuma?

Salimu 19:51
Mtandao unasumbua dada

Hamisi 20:05
Zuhura, picha ya pili irudie. Fungua mlango, washa tochi ya simu, piga ubavu wa siti ya dereva kwa karibu.

Zuhura 20:16
📷 Picha

Hamisi 20:24
Nilijua. Huo mpasuko si wa umri. Ukingo wa nje ndio unaoumia kwanza kwa sababu watu hawainuki wakishuka, wanateleza. Weka na funguo mfukoni na vile vifungo vya chuma vya jinzi. Lakini tazama umepasuka wapi: juu ya mshono, umenyooka kama umekatwa kwa rula. Aliyeshona kaweka hatua za milimita 2. Matundu yamebanana, reksini, hiyo ngozi bandia, ikivutwa inachanika kama karatasi ya daftari. Hatua ya kushona siti ni milimita 4 hadi 5, na ziada ya kitambaa ndani ya mshono isipungue milimita 12. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba huozeshwa na jasho.

Hamisi 20:26
Na nani anafuta siti kwa jiki?

Zuhura 20:27
Swali la nani hilo?

Hamisi 20:29
Reksini imekakamaa mpaka nyuma ya mgongo wa siti, na huko hakusuguliwi na mtu. Jua peke yake hutoa ule ulaini taratibu. Jiki na spiriti ni kuharakisha. Kitambaa chenye maji na sabuni ya maji kidogo, kisha kikavu, basi. Na gari likilala juani vioo vya mbele vizibwe.

Mwanjaa 20:33
Na fundi huyo wa milimita 2 alichaguliwa na nani? Nauliza tu.

Zuhura 20:34
Dada Mwanjaa tusianze.

Mwanjaa 20:35
Sijaanza. Nimeuliza. Maana kuna watu walitoa laki na nusu ile wakaambiwa "ngozi halisi".

Zuhura 20:36
Basi tuulizane na ya magunia ya Mombo. Siti ya abiria haikubonyea kwa uzito wa Bibi.

Salimu 20:36
🍿

Mwanjaa 20:38
Magunia hayo mimi sikuyapanda wala sikuyapakia. Mmenibebesha miaka minne.

Shem Deo 20:52
Samahani nimechelewa, nilikuwa chini ya gari. Hamisi kabla hujavua kitu chochote tazama ubavu wa siti upande wa mlango. Kuna kilebo kimeandikwa SRS AIRBAG, yaani mfuko wa hewa uko ndani ya siti? Kikiwepo, toa waya wa hasi wa betri kwanza, subiri sekunde 90 au zaidi, ndipo uguse soketi za njano chini ya siti. Usizipime kwa mita ya umeme. Na kava la kuvalisha juu kwenye siti ya namna hiyo halifai, linaziba njia ya mfuko.

Hamisi 20:55
Kilebo hakipo upande wa dereva, picha inaonyesha. Wa abiria nitatazama Ijumaa.

Zuhura 20:56
Asanteni. Waliotuma: Zuhura, Hamisi, Ba' Mkubwa. Watatu kati ya 14!! Mimi nimeshanunua na kile kibanio cha kuzuia mkanda usipande, elfu 5 tu.

Shem Deo 20:58
Kirudishe shem.

Zuhura 20:58
Kwa nini? Kinauzwa kila mahali.

Shem Deo 21:04
Kinaushika mkanda usirudi, ndiyo raha yake. Maana yake unabaki umelegea. Breki ikipigwa Bibi anasafiri kwanza ndipo mkanda unamkuta. Mkanda upite katikati ya bega na kifuani, wa chini ukae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Na chini ya kwapa ni hatari kuliko mnavyodhani, nguvu yote inaishia mbavuni na kichwa kinaenda mbele.

Hamisi 21:09
Hapo ndipo nilitaka kufika. Mnahangaika na mkanda, ugonjwa uko kwenye siti. Bibi ni mfupi. Sponji limezama kama sentimita 4, naye amezama nalo, bega lake limeshuka lakini tundu la mkanda kwenye nguzo liko palepale. Lazima umpite shingoni. Na siti laini namna ile, breki ya ghafla inamtelezesha chini ya mkanda wa kiunoni.

Tatu 21:10
Shikamooni wote 🙏

Zuhura 21:10
Marhaba Tatu. Umetuma?

Hamisi 21:18
Kilichozamisha ni hiki. Juu ya springi huwa kuna kitambaa kigumu kinachozuia waya usikate sponji. Fundi yule alikitoa hakukirudisha, akajazia vipande vya godoro. Waya umekula sponji kutoka chini. Nitalaza gunia la katani, Tanga hatukosi katani, kisha sponji gumu la kilo 35 hadi 40 kwa mita ya ujazo, unene sentimita 3, na la sentimita 1 laini juu. Gundi ya kopo inapakwa pande zote mbili, inaachwa mpaka ukigusa haikamati kidole, ndipo unabandika. Ukiwahi, inateleza na kutoa vinundu.

Salimu 21:20
Kilo 35? Bibi mwenyewe ana ngapi 😂

Tatu 21:20
😂😂😂

Hamisi 21:23
Uzito wa sponji, si wa Bibi. Na msiniambie "ongeza ongeza". Likizidi, kifungio cha mkanda kinazama kando ya siti, kila mtu anakitafuta kwa vidole, na kichwa kinapita juu ya kile kiegemeo.

Zuhura 21:25
Sasa siti zote mbili ni shilingi ngapi?

Hamisi 21:27
Ya abiria peke yake inaisha Ijumaa jioni. Ya dereva ukingo wote unakatwa na kushonwa upya, haiwahi Jumamosi.

Shem Deo 21:33
Mkanda wenyewe unarudi pole pole, nao una dawa. Vuta wote mpaka mwisho, ubane kwa kibanio cha nguo usirudi, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kausha kivulini mpaka ukauke kabisa. Kile chuma cha juu unapopita ukisugue, pana uchafu mweusi wa jasho, huo ndio unaoushika. Usitie mafuta ndani, usitumie jiki wala petroli.

Salimu 21:34
Kumbe kibanio kina kazi! Dada Zuhura usirudishe 😂

Mwanjaa 21:35
😂😂 ni kibanio cha nguo wewe

Shem Deo 21:36
Tatu, nenda kwenye gari. Kwenye nguzo ya mlango wa abiria kuna kitufe cha kushushia mkanda. Bonyeza, shusha hatua moja, niambie kama kinashika. Na kagua kingo za mkanda.

Zuhura 21:50
Tatu?

Zuhura 22:02
TATU

Ba' Mkubwa 22:14
NIMESOMA YOTE. MAMA HAPANDI GARI HILO MKANDA UKIWA CHINI YA KWAPA. KAMA HALIKO TAYARI ATAPANDA BASI NAMI NITAKAA NAYE. NA MAGUNIA YA MOMBO NILIPAKIA MIMI. MWANJAA ASITAJWE TENA.

Mwanjaa 22:31
Shikamoo Ba' Mkubwa. Nimesikia.

Hamisi 22:33
Shikamoo Ba' Mkubwa.

Zuhura 22:40
Shikamoo Ba' Mkubwa. Sawa. Tuanze na siti ya abiria, ya dereva isubiri.

Salimu 22:41
Ujumbe huu umefutwa

Alhamisi

Tatu 06:48
Samahanini, bando liliisha. Kitufe kinashuka, kinashika vizuri. Ila mkanda una nyuzi zimechomoka pale unapopita kwenye chuma cha juu, kama upana wa vidole viwili.
📷 Picha

Shem Deo 07:02
Basi hauoshwi, unabadilishwa mzima na mashine yake ya kuukunja. Usimpe fundi cherehani aushone. Mpya ndio bora. Mkikosa, utoke kwenye gari lisilowahi kugonga, la muundo uleule na upande uleule. Ukiwa na waya chini usiukate, nipigieni. Mashine ikae wima kama ya zamani, ikilala kidogo inajifunga na haitoi mkanda. Bolti ni zilezile zake, kwa Toyota nyingi zinakazwa Nm 42 kwa spana ya kipimo.

Zuhura 07:05
Nani yuko karibu na Gerezani kwenye maduka ya spea leo asubuhi?

Zuhura 07:31
Na nani anaendesha Jumamosi? Hamisi ulisema au hukusema?

Hamisi 07:58
Sikusema.

Mwanjaa 08:10
Elfu 20 nimetuma. Imetoka kwa jina la mume wangu.