Nataka Windows na Linux kwenye mashine moja, fundi anasema lazima afute kila kitu

ZabibuDom
Habari za jioni wakuu. Niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mwaka wa pili, natumia HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, RAM GB 8, SSD GB 256, ndani kuna Windows 10. Linux naihitaji kwa masomo ya seva ila Windows siwezi kuitoa, kuna programu ya mahesabu ya duka la kaka yangu pale Majengo na mimi ndo namuingizia mauzo kila wiki. Nimeipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini akasema ili ziwe mbili lazima afute yote aanze upya, na humo nina mafaili ya chuo tangu nimeanza. Nikasema ngoja nijaribu mwenyewe, nimetengeneza flashi ya Linux Mint, inawaka vizuri tu ila nikifika kwenye kuinstoli inaniambia kompyuta haina mfumo wowote wakati Windows ipo na inafanya kazi. Nimeogopa kuendelea, nimezima. Naombeni msaada.

Nkuhungu_Tech
Umefanya vizuri sana kuzima. Ungechagua ile ya kufuta diski yote hapo ndo ungelia. Na si kweli kwamba lazima ufute, Windows na Linux zinakaa pamoja kwenye diski moja bila shida, kila moja na patisheni yake, yaani kipande chake cha diski.

Sasa hiyo ya kutoiona Windows, mashine za mtumba nyingi mafundi wanaziwekea Windows kwa mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, Legacy, halafu wewe flashi yako umeiwasha kwa ule mpya, UEFI. Linux ikiwaka kwa UEFI inatafuta Windows ya UEFI tu, ile ya Legacy inairuka kama haipo. Washa Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, kuna mstari umeandikwa BIOS Mode, tuambie unasema nini. Kisha fungua Disk Management utuambie kuna patisheni ngapi.

Wakati unasubiri majibu fanya haya maana utayahitaji vyovyote vile: mafaili ya chuo na data za duka zihamishie kwenye eksternal, na usiishie kuona zimekopika, zifungue kwenye mashine nyingine uone zinasoma. Fungua CMD kama admini andika `powercfg /h off`, hiyo inazima ule uwashaji wa haraka wa Windows. Ukiacha umewashwa, Windows ukiizima haizimi kabisa, inaganda, na Linux ikitaka kuandika kwenye C inakataliwa. Andika pia `manage-bde -status` uone kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la siri la Windows, kama imefungwa ifungue kwanza kabla hujagusa chochote.

mzee_wa_Chimwaga
Kwa nini ujitese mdogo wangu, RAM GB 8 inatosha VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows, weka Linux humo ndani upe GB 3 maisha yaendelee. Ukiharibu unafuta unaanza tena, Windows haijui hata kilichotokea.

ZabibuDom
Asante wakuu. VirtualBox nilijaribu muhula uliopita, nikifungua na brauza inakuwa nzito mno. Nimeangalia, BIOS Mode imeandika Legacy kweli. Patisheni ziko nne: System Reserved, C, Recovery na D ya GB 90. BitLocker hakuna.

Nkuhungu_Tech
Hapo sasa! MBR, mpangilio wa diski unaoendana na Legacy, inabeba patisheni kuu nne tu, na zako zimejaa. Mimi ningehamia UEFI kabisa kwa mbr2gpt, zana ya kubadili diski kwenda mpangilio mpya wa GPT, ipo ndani ya Windows 10 yenyewe na haifuti mafaili. Ila inataka patisheni kuu zisizidi tatu, kwa hiyo D lazima iondoke kwanza.

DadaSeva
Naheshimu ushauri wa mkuu hapo juu ila kwa mashine hii nisingegusa Windows inayofanya kazi, hasa ikiwa imebeba mahesabu ya mtu. UEFI ingekuwa na maana kama unajiandaa na Windows 11, na prosesa ya G3 haimo kwenye orodha ya Microsoft.

Kaa kwenye Legacy. Hamisha vya D kwenye eksternal, halafu kwenye Disk Management ifute hiyo D ibaki nafasi tupu, ndiyo nyumba ya Linux, GB 90 ni nyingi. Chomeka flashi, washa huku unabonyeza F9, utaona flashi hiyo hiyo imejitokeza mara mbili, moja chini ya UEFI nyingine chini ya Legacy, chagua ya Legacy. Safari hii itaiona Windows na itakupa chaguo la kukaa nayo pamoja. Kama flashi ya Legacy haitokei, itengeneze upya kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi, uchague MBR. Ukiulizwa GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha, ikae wapi chagua diski yenyewe, sda, siyo patisheni zake sda1 wala sda2.

Betri za mtumba nyingi zimechoka, na umeme wa Dodoma kipindi hiki mnaujua, kwa hiyo subiri siku umeme umetulia na betri imejaa. Kukatikiwa katikati ya kuandika patisheni ni hasara ambayo hakuna komandi ya kuirudisha.

Na Windows 10 iliacha kupewa apdeti za bure za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo intaneti na barua pepe hamishia Linux, Windows iachie mahesabu tu.

ZabibuDom
Dada Mungu akubariki, imekubali!! Menyu inatokea, zote mbili zinawaka na mahesabu ya kaka yapo yote. Kitu kimoja tu, nikitoka Linux nikiingia Windows saa inarudi nyuma, sasa hivi ni saa sita mchana yenyewe inaonyesha saa tatu asubuhi. Na programu ya duka inaandika muda kwenye kila risiti.

DadaSeva
Hongera sana. Linux inaandika saa ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwenye bodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC. Ingia Linux, fungua taminali:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Kisha rudi Windows urekebishe saa kabla hujaingiza mauzo mengine, na zile risiti za leo zipitie na kaka yako mzirekebishe muda.