Kikapu cha vyuo Marekani: nani anashambulia kwa akili zaidi, wanaume au wanawake?

Mdau wa Upanga: Wakuu, nimezirudia fainali zote mbili za 2024. Wanawake: South Carolina 87, Iowa 75. Wanaume: UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) 75, Purdue 60. Dakika zilezile 40, sekunde zilezile 30 za kutupa, ringi ya urefu uleule. Mimi nasema wanawake wanashambulia kwa akili zaidi. Pasi zinatembea, asiye na mpira hasimami. Wanaume wakipata mrefu wanamrushia chini ya ringi, basi.

Namba Tano: Basi? Hiyo kauli naisikia tangu sekondari. Kupokea mpira umebanwa na watu wawili, ugeuke, ufunge, si urefu huo, ni kazi. Hasheem Thabeet, mrefu wetu aliyecheza UConn, naye alisemwa hivihivi.

Takwimu Kwanza: Pointi za mechi hazitoshi, gawa kwa idadi ya mashambulizi. Timu yenye kasi itafunga nyingi hata ikikosa hovyo. Halafu mkuu wa Upanga, mfano wako unakukana. Zach Edey, mrefu wa Purdue, alifunga 37 fainali ile, lakini Purdue nzima iliingiza mtupo MMOJA wa pointi tatu kati ya saba. UConn walimwachia mrefu pointi mbilimbili zake, wakawakaba watupaji wa nje. Hapo hakuna akili?

Mdau wa Upanga: Hiyo ni akili ya kukaba, mimi nimeuliza kushambulia. Na Thabeet tusidanganyane. Alizuia mitupo ya watu, sawa, lakini mpe mpira mbali na ringi uone. Timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua vijana 2009 alikuwa wa pili, mbele ya Harden na Curry!

Namba Tano: Sasa umevuka mpaka. Mtoto wa Dar, mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East 2009 pamoja na DeJuan Blair, chuo chake cha UConn kikafika nne bora ya taifa mwaka huohuo. Wewe nani amewahi kukuchagua hata timu ya mtaa?

Kidongo Chekundu: Msimu huohuo, chuo hichohicho, wanawake walicheza mechi 39 wakashinda 39. Maya Moore, Tina Charles, Renee Montgomery. Humu hakuna aliyewataja. Mnabishania mrefu mmoja kwenye uzi unaouliza kuhusu wanawake! Na fainali ya 2024 hamkuitazama vizuri: Caitlin Clark wa Iowa alifunga 18 robo ya kwanza, akamaliza na 30. Benchi la South Carolina likaleta 37, la Iowa sifuri. Rebaundi, yaani mipira iliyookotwa baada ya mtupo kukosa, 51 kwa 29. Ukikosa ukaokota mwenyewe, umeshambulia mara mbili.

Takwimu Kwanza: Dada, hapo nakubali. Ila mpira wao ni mdogo kidogo, hilo nalo lihesabiwe.

Kidongo Chekundu: Mdogo kwa sababu viganja ni vidogo! Nafundisha mabinti, usiniletee hiyo.

Mdau wa Upanga: Namba Tano, mimi sikumtukana Thabeet. Nimesema hakufundishwa kushambulia.

Namba Tano: Hukusema hivyo, soma juu. Lakini kama ndiyo hoja yako, basi tuulizane makocha wa hapa. Kijana mrefu akifika uwanjani tunamwambia asimame chini ya ringi ainue mikono. Nani anamfundisha pasi?