Mapacha wangu wanapokea masahihisho kwa namna tofauti kabisa: je, ni jeni?

Mama Kulwa, Kimara

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kitaalamu. Nina mapacha wa miaka 14, Kulwa ambaye ni wa kike na Doto wa kiume, wanaosoma kidato cha pili katika darasa moja. Daftari la hisabati likirudi limejaa wino mwekundu, Kulwa hujifungia chumbani na halitazami tena somo hilo kwa siku kadhaa, ilhali Doto hucheka na kutoka kwenda kucheza mpira. Lakini Doto huyohuyo akisifiwa, hata kwa jambo dogo, atasoma mpaka nimwambie azime taa. Mwaka huu wana Upimaji wa Kitaifa, nami sijui niseme nao vipi. Shemeji yangu anayeishi Uingereza anashauri tuwapime vinasaba kwa mate ili tujue kila mmoja ameumbwaje, na yuko tayari kulipia. Je, ipo jeni inayoamua namna ubongo wa kijana unavyopokea sifa na lawama?

Mwalimu wa Biolojia

Mama Kulwa, hongera kwa malezi na pole kwa usumbufu. Kwanza, pacha wa kike na wa kiume si pacha wa kufanana. Kwa wastani wanashirikiana nusu ya tofauti za kijenetiki, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja, kwa hiyo kutofautiana kwao si ajabu. Pili, jeni zinazotajwa sana zinahusu dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza kutokana na matokeo. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Science kwamba watu wenye aina fulani ya kipande kinachohusishwa na jeni ya DRD2, ambao huwa na vipokezi vichache vya dopamini, walijifunza kwa shida zaidi kutokana na makosa yao. Binafsi nadhani kipimo kinaweza kukupa mwanga.

Mtafiti, Upanga

Namheshimu Mwalimu, lakini hapo mwisho sikubaliani naye. Utafiti huo wa 2007 ulikuwa wa watu wazima, wanaume watupu, nao hawakufika 30. Isitoshe, kipande chenyewe hakimo ndani ya DRD2 bali katika jeni jirani iitwayo ANKK1. Tafiti nyingi za aina hii, za jeni moja na watu wachache, hazikurudiwa kwa mafanikio zilipofanywa kwa makundi makubwa. Picha inayokubalika leo ni kwamba tabia kama hizi huguswa na maelfu ya tofauti ndogondogo za kijenetiki, kila moja ikichangia kiasi kidogo mno.

Hiyo haimaanishi kwamba urithi haupo. Mtu akiwekewa elektrodi kichwani na kuambiwa amepata au amekosa, wimbi maalumu la umeme huonekana sehemu ya mbele na katikati ya kichwa baada ya milisekunde 250 hadi 300 hivi, na ukubwa wake hutofautiana kati ya habari njema na mbaya. Pacha wa kufanana hukaribiana zaidi katika mawimbi ya namna hii kuliko wasiofanana. Kwa wimbi linalofuata, liitwalo P300, uchambuzi wa tafiti za mapacha umekadiria kiwango cha urithi kuwa asilimia 60 hivi. Lakini asilimia hiyo inaeleza tofauti baina ya watu wa kundi lililopimwa. Haisemi kwamba asilimia 60 ya machozi ya Kulwa imetoka kwa wazazi wake. Tukumbuke pia kwamba data nyingi za kijenetiki zimekusanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na makadirio yake huyumba yakiletwa kwetu Afrika, ambako tofauti za kijenetiki ni nyingi kuliko kwingine kote duniani.

Kuhusu mate: vipimo vya vinasaba nchini Tanzania vina sheria yake ya mwaka 2009, chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ulizeni huko kabla ya kutuma chochote ng'ambo.

Nina swali moja, Mama Kulwa. Kabla ya sekondari, watoto hawa walikuwa wakipata alama za namna gani?

Mama Kulwa, Kimara

Asante sana. Kulwa alikuwa wa kwanza au wa pili darasani miaka yote ya msingi. Doto alikuwa wa katikati, na nakiri kwamba nyumbani tulizoea kumsifu dada yake.

Mshauri wa wanafunzi, Temeke

Basi jibu lako huenda limejificha hapo. Tangu kazi ya Wolfram Schultz na wenzake ya miaka ya 1990 inafahamika kwamba seli za dopamini huitikia zaidi tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana kuliko matokeo yenyewe. Kwa Kulwa alama mbaya ni mshtuko. Kwa Doto ni habari ya kila wiki, na kinachomshtua yeye ni sifa. Matarajio hayo yamejengwa kwa miaka, nyumbani na shuleni, hata kama jeni nazo zina sehemu yake.

Umri nao una neno. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 kwamba kwa watoto wa miaka 8 na 9 maeneo ya ubongo yanayosimamia udhibiti huamka zaidi wakiambiwa wamepatia, na kwa watu wazima huamka zaidi wakiambiwa wamekosea. Wa miaka 11 hadi 13 walikuwa katikati.

Ningeanza kwa kumwomba mwalimu wa hisabati aandike pembeni ya kosa ni hatua ipi iliyoruka, badala ya mkasi (alama ya X) peke yake. Kwa Kulwa, lirudieni swali hilo moja jioni ileile, kabla hajajifungia. Kwa Doto, msifu kwa kitu mahususi alichokifanya, kwa sababu sifa za jumla atazizoea upesi kama alivyozizoea lawama. Fedha za shemeji zinaweza kulipia masomo ya ziada.