Naomba ushauri: saini za madereva wa NASCAR, wikiendi ya Coca-Cola 600, Charlotte

MamaTumaini

Habari za humu, wakuu. Naomba msaada kwa mnaozijua mbio za magari za NASCAR za Marekani, hasa mlioko North Carolina. Mwezi Mei tunakwenda Charlotte Motor Speedway, watu wazima wawili na mtoto wa miaka 10. Mtoto anataka saini ya dereva Bubba Wallace, na ikipatikana ya Kyle Larson au Chase Elliott atafurahi.

Maswali yangu: tiketi ya kawaida ya kukaa jukwaani inatosha, au mpaka ninunue pasi ya gereji, ya kuingia timu zinapoandalia magari? Asainiwe kwenye nini? Tuna gari la mfano namba 23, ya Wallace, na kapelo nyeusi. Kalamu ipi? Na tukikosa kabisa, kuna njia nyingine mbali na kununua mtandaoni?

Kipanga_Concord

Karibu dada. Usinunue pasi yoyote kabla ya kuona ratiba ya wiki hiyo.

Coca-Cola 600 huanza Jumapili karibu saa kumi na mbili jioni. Ni mizunguko 400 ya maili moja na nusu, mbio ndefu kuliko zote za NASCAR, na huisha usiku. Kwa mtafuta saini hiyo ni neema, maana mchana kutwa dereva yupo uwanjani na hana gari la kuendesha. Wadhamini humpeleka kwenye mahema ya wageni wao, halafu hupita kwenye jukwaa la mashabiki au kwenye malori ya bidhaa, yanayouza vitu vya timu na madereva, yaliyopangwa nje ya uwanja. Huko nje ndiko mwenye tiketi ya kawaida anakopatia saini.

Utaratibu wa malori ya bidhaa mara nyingi ni huu: asubuhi wanagawa mikanda ya mkononi au vikaratasi vyenye namba, vichache. Pengine ni bure, pengine mpaka ununue kitu. Ukija saa ile dereva anapokaa mezani utaukuta mstari umeshafungwa. Kwa hiyo fika milango inapofunguliwa, nenda moja kwa moja kwenye lori la bidhaa la dereva unayemtaka, uliza mambo matatu: mikanda inatolewa saa ngapi, mtu mmoja vitu vingapi, na mtoto anahitaji mkanda wake au anaingia na mzazi. Jibu la kawaida kwa la pili ni kitu kimoja, na hakuna kusimama kupiga picha naye. Mpige picha wakati anasaini.

Dereva hukaa muda mfupi, na ukiisha anaondolewa hata kama mmebaki watatu. Mfanyakazi anayesimama mkiani mwa mstari ndiye anayejua hesabu. Akikwambia huenda usifikiwe, mwamini, nenda kwa dereva mwingine.

Ratiba za saini hutangazwa siku chache kabla, kwenye kurasa za timu, za dereva na za uwanja. Angalia zote tatu, kwa sababu mdhamini anaweza kumweka dereva kwenye duka mjini Alhamisi au Ijumaa na uwanja usitangaze kabisa. Hizo za dukani ndizo nyepesi kuliko zote, mstari mfupi na kivuli kipo.

piti_road

Naongezea kuhusu pasi. Zipo za aina mbili. Pasi ya baridi inakuingiza gereji wakati magari hayapo barabarani tu. Yakianza kuzunguka mnatolewa. Pasi ya moto inakuacha ndani hata magari yakikimbia, lakini ina sharti la umri ambalo mtoto wa miaka 10 halivuki, pamoja na masharti ya mavazi: viatu vya kufunika vidole, nguo yenye mikono. Msije na kandambili hata kwa pasi ya baridi.

Wapo wanaosema gereji ni kupoteza hela, mimi sikubaliani nao. Siku ya kufuzu, yaani ya kugombea nafasi za kuanzia mbio, kabla magari hayajatoka, pasi ya baridi ina thamani. Ila ujue pa kusimama. Lori la timu, lile linalobeba gari la mbio, linaegeshwa mgongo wake ukitazama gereji, na dereva anatokea kwenye mlango wa nyuma wa lori. Kutoka hapo hadi kwenye gari lake ni hatua chache. Simama pembeni ya mlango, usiuzibe, mafundi wanapita na matairi.

Madereva wengi husaini huku wanatembea. Usimsimamishe. Tembea naye upande wa mkono anaoandikia, kitu chako kiwe juu ya ubao mgumu, makapeni imeshafunguliwa, kifuniko mfukoni mwako. Anayeanza kuhangaika na kifuniko ameshaachwa.

Nyakati za kutoomba: akiwa anaongea na fundi mkuu, akiwa anaingia kwenye gari, na akiwa ametoka kugonga ukuta au kufuzu vibaya. Eneo la nyumba zao za magurudumu usilisogelee kabisa.

Halafu mshike mtoto mkono. Magari ndani ya gereji mara nyingi husukumwa injini ikiwa imezimwa, huyasikii yakija.

Bi_Zuhura

Kwa mtoto wa miaka 10 mimi nisingenunua hiyo pasi. Joto la Charlotte mwishoni mwa Mei, kusimama masaa, watu wazima wenye mabegi ya bidhaa za kwenda kuuza wanamsukuma. Mstari wa lori la bidhaa unamtosha. Mtoto akiwa mbele na wewe nyuma yake, dereva anamwona yeye kwanza.

Andika jina lake kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha kunata, kibandike juu ya kitu cha kusainiwa. TUMAINI. Dereva hatajua kuliandika kwa kusikia tu katikati ya makelele yale. Saini yenye jina la mtoto bei yake sokoni hushuka, na ndiyo maana madereva huisaini kwa moyo mweupe: wanajua haitakuwa mnadani usiku huohuo.

MzeeWino

Nijibu la vifaa, maana hapa ndipo watu wanaharibu baada ya kuhangaika kote huko.

Kitu bora kuliko vyote kwa mwanzo ni kadi ya dereva. Ni karatasi ngumu yenye picha ya dereva na gari, takriban inchi 8 kwa 10, mara nyingi inatolewa bure na timu au mdhamini. Kwenye malori ya bidhaa uliza, na kwenye maduka ya timu pia. Hendrick Motorsports, timu ya Larson na Elliott, wako Concord karibu kabisa na uwanja. 23XI ya Wallace, inayomilikiwa na Michael Jordan na Denny Hamlin, iko Huntersville, kaskazini mwa Charlotte. Chukua kadi mbili za kila dereva, moja ya kusainiwa na moja ya akiba.

Kadi hizi zinang'aa, na wino hauvipendi vitu viwili juu ya mng'ao: mafuta na haraka. Mafuta yanatoka vidoleni, na mwezi Mei yanatoka zaidi kwenye losheni ya kukinga jua. Ukipaka losheni kisha ukashika kadi katikati, makapeni inaruka, au wino unajikusanya kama matone. Shika kadi pembeni tu. Kabla ya kuingia kwenye mstari ipanguse kwa kitambaa kikavu laini. Ikishasainiwa iache wazi dakika kadhaa, usiirudishe kwenye mfuko wa plastiki papo hapo, itajipaka.

Kalamu: makapeni ya Sharpie, ya ncha nyembamba ya kawaida. Nyeusi au ya bluu kwa sehemu nyeupe na angavu. Ya fedha kwa sehemu nyeusi, lakini hiyo lazima uitikise na kuijaribu kwenye karatasi chakavu kwanza, la sivyo mstari wa kwanza unatoka maji na wa pili unatoka rangi. Beba mbili za kila rangi. Uzilaze, usizisimamishe kichwa chini.

Gari la mfano ni habari nyingine. Kama ni la kipimo cha 1:64, urefu wa sentimita 8 hivi, achana nalo, hakuna pa kusaini. La 1:24, kama sentimita 20, linafaa. Wengi husainisha kioo cha mbele, maana boneti imejaa nembo ya mdhamini na paa limejaa namba. Kioo hicho ni plastiki na Sharpie ya kawaida hufutika hapo kwa kidole. Tumia kalamu ya rangi ya mafuta, nyeupe au ya fedha. Itikise mpaka usikie gololi ndani, kisha bonyeza ncha kwenye karatasi chakavu mpaka rangi ishuke. Usiibonyeze juu ya gari, itatema donge. Pangusa kioo kwa spiriti kidogo KABLA ya kusaini. Baada ya kusaini spiriti ni sumu, na vilevile usipulizie vanishi ya kulinda juu yake; kiyeyushi chake kinaivuruga saini.

Litoe gari kwenye boksi nyumbani, ulibebe limefungwa kwenye kitambaa. Dereva hatakusubiri ukate nailoni.

Kapelo nyeusi: chini ya ukingo wa mbele, upande wa ndani, kama kitambaa chake ni cha rangi ya mwanga. Kama nako ni kweusi, kalamu ya rangi ya fedha, na kibao kidogo nyuma ili kitambaa kisicheze. Lakini kati ya vitatu, kapelo ndiyo ningeiacha. Jasho na jua vitaimaliza.

MamaTumaini

Asanteni sana, Mungu awabariki. MzeeWino, gari letu ni la 1:24, basi tutalibeba. Swali: nimepewa kadi ya Larson na mtu, ina saini tayari. Nitajuaje kama ni ya mkono?

MzeeWino

Nyingi zina saini iliyochapwa kiwandani, kwa hiyo anza kwa kushuku. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: wino wa makapeni una mng'ao wake tofauti na wa kadi, saini iliyochapwa inang'aa sawa na picha. Kisha lenzi ya kukuza mara 10. Saini iliyochapwa mara nyingi utaona imeundwa kwa vidoto kama picha yenyewe. Ya mkono ina mstari mzima, na pale unapojikata unaona weusi umezidi. Mwisho, tafuta kadi nyingine ya namna hiyohiyo: saini mbili zikilandana kila mkunjo na ziko mahali palepale, ni za mashine.

Kipanga_Concord

Na kwa wale mnaotamani saini za madereva wakongwe mtandaoni, tumieni kalenda kwanza kabla ya lenzi. Dale Earnhardt alifariki kwenye mbio za Daytona tarehe 18 Februari 2001. Gari la mfano lenye saini yake na boksi lililotengenezwa 2004 ni uongo, haijalishi cheti kilichobandikwa. Wendell Scott, Mweusi wa kwanza kushinda mbio za daraja la juu la NASCAR, Jacksonville, Desemba 1963, alifariki 1990, na za kwake halisi ni chache. Richard Petty, bingwa mara 7 na mshindi wa mbio 200, amesaini nyingi mno maishani, kwa mizunguko mirefu inayosomeka. Ukiiona ya "Petty" iliyokwaruzwa haraka, iache.

Kuna wanaouza "bati la gari" lenye saini pia. Tangu 2022 bodi za magari ya daraja la juu si za bati tena, ni mchanganyiko wa nyuzi na plastiki. Anayekuuzia bati la gari la mashindano la 2023 la daraja hilo muulize amelikata wapi.

posta_na_stempu

Swali la nne, la njia nyingine mkikosa uwanjani, halijajibiwa. Njia ni barua kwa timu. Anwani ziko kwenye tovuti za timu zenyewe. Barua fupi ya nusu ukurasa, aandike mtoto kwa mkono wake, kadi moja au mbili, si sita, na bahasha ya kurudishia yenye anwani yako na stempu.

Bahasha ya nje iwe inchi 10 kwa 13, ya kurudishia 9 kwa 12, ili isikunjwe. Kosa la wengi ni kuweka kadibodi ngumu ndani. Posta ya Marekani ikikuta bahasha kubwa isiyopinda inaihesabu kama kifurushi, na stempu zako zinakuwa pungufu. Weka kadibodi nyembamba, ya boksi la kornfleksi inatosha. Pima mzigo wa kurudi, si wa kwenda tu. Tumia stempu za Forever, ambazo bei ikipanda bado zinafaa.

Usitume kitu usichokuwa tayari kukipoteza. Gari la mfano usilitume. Na dereva anayegombea ubingwa huenda akachelewa miezi.

Juma_Tanga

Sisi tulioko huku nyumbani tunaweza kutuma?

posta_na_stempu

Mnaweza, ila stempu za Tanzania hazifanyi kazi kwenye bahasha ya kurudi. Mwenye ndugu Marekani amwombe stempu ya Global Forever: inatosha barua ya aunsi moja kwenda nchi yoyote. Maana yake tuma kadi ndogo za kukusanya, inchi 2.5 kwa 3.5, kwenye bahasha ya kawaida. Kadi kubwa ya 8 kwa 10 haiingii humo. Au tumia anwani ya huyo ndugu, akija likizo aje nazo.

Bi_Zuhura

MamaTumaini, kama mnaishi huku North Carolina, msisahau viwanja vidogo vya mbio. Bowman Gray kule Winston-Salem wanakimbia Jumamosi usiku majira ya kiangazi, na Hickory iko si mbali na Charlotte. Madereva wa huko ni rahisi kuwafikia baada ya mbio, na baadhi ya wakubwa wa leo walipita viwanja kama hivyo. Mtoto atazoea kuomba bila kuogopa kabla ya Mei.

MamaTumaini

Nimeelewa. La mwisho: gari likishasainiwa tutalibebaje, na mbio zinaisha usiku?

MzeeWino

Boksi la viatu lenye shimo mfunikoni, kubwa kuliko kioo cha mbele. Funga magurudumu kwa raba kwenye kitako cha boksi ili gari lisisogee, usiguse kioo. Rangi ya mafuta kwa juu hukauka baada ya robo saa hivi, lakini ipe mpaka kesho yake ndipo ulirudishe kwenye plastiki yake. Usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikiwezekana mmoja wenu alirudishe kwenye gari jua likishapungua, kabla ya mbio kuanza, maana kukaa nalo jukwaani mizunguko 400 na soda za watu pembeni sikushauri.